Kinywa cha Bi Riziki Siku ya Njia

Kwenye gari la Suleimani tulikuwa hawa. Mbele alikaa Mwalimu Kassim, mkuu wa kundi letu na mpiga fidla, aliyewahi kumuoa dada yangu, lakini hayo yalishaisha na tunasalimiana vizuri. Nyuma yake Hamza mpiga dumbaki, mtoto wa kaka yake Kassim, mtu mzima mwenye mdomo wa kitoto. Ubavuni kwa Hamza alikaa Rajabu wa kinanda, ambaye safari zote alilala na hii pia alilala. Kisha sisi wanawake. Saumu, mwanafunzi wa Bi Riziki, binti wa jirani yangu pale Ngamiani, Tanga. Bi Riziki mwenyewe, mwimbaji wetu. Na mimi, Mwanajuma, niliyekaa kushoto kwake kama nilivyokaa kushoto kwake jukwaani tangu sote wawili tukiwa na meno yetu yote. Suleimani hakuwa wa kundi. Yeye ni Mpemba anayeendesha gari huko Doha, na watu wa harusi ndio waliomtuma atupeleke uwanja wa ndege.

Bi Riziki tumemzika mwezi uliopita. Kwenye matanga yake tulikutana tena wote wa gari lile, isipokuwa Suleimani, aliyepiga simu. Tulikaa ukumbini kwake, Hamza akaanza kusimulia siku ile, na kila alipofika mahali akageuka kunitazama, ati Bi Mwanajuma ndivyo ilivyokuwa? Nikasema nitaiandika mwenyewe, maana Hamza akisimulia anajiongezea. Watu wengine mwaka wao mkubwa huwa wa ujana. Mimi wangu ulinijia nikiwa na wajukuu, mwaka ule kundi letu lilipoitwa Uarabuni kupiga taarabu kwenye harusi, leo mji huu, kesho ule. Kabla ya hapo nilikuwa sijapanda ndege, na nilikuwa nimeimba miaka yote bila kuanzisha wimbo hata mmoja. Bi Riziki anaanzisha, mimi na Saumu tunaitikia. Hiyo ndiyo ilikuwa kazi yangu na nilikuwa nimeridhika nayo.

Sasa lazima nieleze siku ya njia, la sivyo hamtaelewa. Siku ya njia ni siku ya kusafiri kutoka shughuli hii kwenda nyingine. Katika kundi letu mwimbaji mkuu siku hiyo hufunga kinywa. Akitoka jukwaani anaaga watu, akishalala akaamka hasemi tena neno mpaka asimame mbele ya maiki ya shughuli inayofuata. Bi Riziki alirithi desturi hiyo kwa mwalimu wake, Bi Zena binti Mbarouk, na aliishika kama mtu anavyoshika funga ya Ramadhani. Alijifunga ushungi mpaka puani, baridi ya kiyoyozi isimwingie kooni, akatembea na chupa yake ya maji moto ya tangawizi. Ukimuuliza kitu alikufinya mkono: mara moja ndiyo, mara mbili siyo. Na kwa kuwa hawezi kujibu, ilikuwa ndiyo siku ya kumtania. Yote tuliyoogopa kumwambia siku nyingine tulimwambia siku ya njia. Hamza alikuwa mkubwa wa mchezo huo. Bi Riziki alimkodolea macho, akamfinya akimpata, na deni lililobaki alilipa usiku jukwaani kwa ubeti aliotunga njiani. Mwanamume mzima anapigwa kijembe mbele ya ukumbi mzima na huku anatakiwa aendelee kupiga dumbaki.

Shughuli yenyewe ilikuwa Umm Salal, nje kidogo ya Doha, kwenye ukumbi wa wanawake, harusi ya watu wenye asili ya Unguja. Huko wanaume hawaingii kwa wanawake, kwa hiyo Kassim na wenzake walipiga nyuma ya pazia zito, wakatufuata kwa kusikia tu. Bi Riziki aliimba vizuri mno. Mashangingi wa pale walisimama wote kumtunza. Nilichokiona mimi peke yangu ni kwamba wimbo wa mwisho alishika maiki kwa mikono miwili, na yeye hakuwa mtu wa mikono miwili. Nikajiambia amechoka. Tulirudi tulikofikia, mtaa wa Abu Hamour, kwenye nyumba kubwa iliyokatwakatwa vyumba kwa mbao, ambamo ukikohoa chumba hiki unaombewa afya chumba cha tatu. Mimi naye tulilala kitanda kimoja. Kabla ya kulala aliniambia, "Mwana, zima hicho kiyoyozi, kinanipuliza kisogo." Nikazima. Nikajua sitasikia tena sauti yake mpaka Maskati, ambako shughuli ilikuwa kesho yake.

Asubuhi yake ninaikumbuka kama ninavyokijua chumba hiki nilichokaa. Jiko lilikuwa la shirika, meza ina kitambaa cha plastiki chenye picha za mapera, Wafilipino wawili wanakaanga samaki mkavu, sisi tunakula chapati na maharage aliyotuletea mke wa Suleimani. Ilibaki chapati moja. Saumu akanyoosha mkono, akasema mwalimu wangu leo haongei, kwa hiyo hawezi kuidai. Bi Riziki akamfinya. Akamfinya kwelikweli, mpaka Saumu akaruka na kiti, Wafilipino wakageuka, sote tukacheka. Bi Riziki akaichukua chapati, akaikata nusu, nusu akampa Saumu. Shikeni jambo hilo, ndilo lililokuja kuwa kubwa kuliko yote.

Baada ya hapo tukaingia kufunga mizigo. Hamza aliponyanyua sanduku la Bi Riziki akasema kwa sauti ya kusikika vyumba vyote kwamba sanduku hili ni jepesi kuliko mwenyewe, na kwamba uwanja wa ndege tukifika wataomba tulipe uzito wa Bi Riziki, sanduku lipite bure. Tulikaa tayari kuona Hamza atafanywa nini. Bi Riziki hakumfanya kitu. Alisimama anatazama ukuta. Hamza akajaribu tena, akataja magoti yake, akataja mume wake wa pili. Hakuna. Hamza akacheka peke yake, akaona haya, akatoka na sanduku. Mimi nikadhani Bi Riziki amekasirika kweli, nikamletea buibui lake. Akaingiza mkono wa kushoto, wa kulia ukabaki unaning'inia ndani. Nikamvalisha kama mtoto. Hapo ndipo hofu ilipoanza, lakini ilianza kama mdudu anayetembea mgongoni, hujui kama ni mdudu au ni jasho.

Nilikuwa mwoga mwaka ule wote, niseme ukweli. Niliogopa ngazi zinazotembea zenyewe. Niliogopa watu wa pasipoti wasiokutazama usoni. Niliogopa barabara za Doha, pana kama mto, magari yanakimbia bila kupiga honi. Kwa hiyo hofu ile mpya ilipokuja niliipanga pamoja na zile nyingine. Nikamshika Bi Riziki kiunoni mpaka garini. Akanilemea. Kassim akatazama nyuma akasema twendeni, ndege haimsubiri mtu.

Hatujatoka Abu Hamour, Suleimani akasimama mbele ya duka la chai na kupiga honi. Huko ndivyo wanavyofanya, unapiga honi, Mhindi anakuletea chai mpaka dirishani, chai nzito ya maziwa na iliki wanayoiita karaki. Suleimani akatununulia sote, akasema hiyo ni heshima yake kwa wazee wa pwani. Nikapokea vikombe viwili, kimoja nikakiweka kwenye mkono wa kulia wa Bi Riziki. Kikaponyoka. Chai ikamwagika mapajani, ina mvuke. Mimi ndiye niliyeruka. Saumu akaruka. Bi Riziki hakuruka. Alitazama mbele, chai inapita kwenye nguo, hata hakujipangusa.

Nikaanza kumfuta kwa ncha ya kanga na huku nauliza umeungua? umeungua? Kassim, bila kugeuka, akasema mwacheni, amefunga, msimsemeshe. Nikamshika mkono wa kulia nikamwambia nifinye. Mara moja ndiyo, mara mbili siyo, wewe nifinye tu. Mkono ulikuwa wa moto na laini, kama unga uliokandwa ukasahauliwa. Gari lilishaingia barabara kubwa, tuko usawa wa Al Thumama, ndege zinashuka chini chini juu yetu, nyingine hiyo, nyingine hiyo. Nikamfungua ushungi. Katika miaka yote sijawahi kumfungua ushungi siku ya njia. Kinywa chake upande wa kulia kilikuwa kimeshuka, mate yanatiririka mpaka kidevuni.

Nikasema, "Suleimani mwanangu, simamisha gari."

Kassim akasema uwanja wa ndege ule pale, mnara wake unaonekana, huko kuna madaktari. Sauti yake haikuwa mbaya, ilikuwa ya mtu anayehesabu kichwani harusi ya Maskati, viza zetu, na mwenye shughuli aliyekwisha kutuma tiketi. Nami nilimwogopa Kassim, nilimwogopa tangu alipokuwa shemeji yangu. Nikafunga macho nikamwambia, "Kassim, huyu hakufunga kinywa. Amefungwa."

Hata Rajabu aliamka. Suleimani alikuwa ameshawasha taa za hatari na kuingia pembeni, simu sikioni, anasema Kiarabu cha haraka, anaeleza mahali tulipo. Gari la wagonjwa lilifika kabla sijamaliza Ayatul Kursi mara ya tatu, au labda ya nne. Wakasema mtu mmoja tu apande naye. Saumu alikuwa analia, akataka aende yeye. Lakini bila Saumu hakuna wa kuimba Maskati, na bila kuimba Maskati kundi zima lingebaki na deni la mwenye shughuli. Nikamwambia Kassim anipe pasipoti ya Riziki na yangu. Akafungua mkoba, akazitoa, akaniambia, "Bi Mwana, na wewe husemi Kiingereza wala Kiarabu." Nikamjibu hata yeye Riziki sasa hasemi chochote, tutafanana.

Hospitali ilikuwa baridi kama ndani ya friji. Walimpitisha mbio kwenye mlango, nami nikakimbia nyuma na ndala moja, nyingine ilibaki garini. Watu wananiuliza, mimi naitikia kwa kichwa tu. Nilikuwa nimekata tamaa pale alipotokea muuguzi mwembamba, mweusi mwenzangu, akanitazama kanga akasema, "Shosh, wewe ni wa Kenya ama Tanzania?" Nilitaka kumbusu miguu. Jina lake Nekesa, wa Bungoma. Shosh maana yake kwa Wakenya ni bibi. Akanishika mabega.

"Niangalie mimi. Huyu alianza kuwa hivi saa ngapi?"

Nikamwambia sijui, leo hasemi, ni siku ya njia. Akasema sijakuelewa, mara ya mwisho mlimsikia akiongea sawasawa ni lini. Nikasema jana, wakati wa kulala, aliniambia nizime kiyoyozi. Nikamweleza desturi yetu harakaharaka. Akanitazama kama mtu anayetaka kucheka na kulia pamoja.

"Ati amenyamaza tangu asubuhi na nyinyi mkaona ni sawa?"

Akaenda kwa daktari, Mmisri mwenye miwani, wakazungumza, akarudi uso umebadilika. Akaniambia taratibu, maneno mepesi, ili niyashike. Kuna damu imeganda kichwani. Ipo dawa ya kuiyeyusha. Lakini dawa hiyo hupewa mtu aliyepatwa sasa hivi. Kama alipatwa jana usiku, muda wake umepita, na wakimpa inaweza kumtoa damu kichwani akafa papo hapo. Na wao hawajui alipatwa lini, kwa sababu hakuna aliyemsikia.

Nikakaa chini kwenye sakafu. Sijui niseme vipi hofu ile. Nyingine zote zilikuwa za nje, hii ilikaa ndani na kuvuta kiti. Niliona kwamba mwenzangu atakufa kwa sababu ya heshima tuliyompa. Nekesa naye akachuchumaa, sare yake nyeupe inagusa sakafu, akasema, "Shosh, si lazima aongee. Kuna kitu chochote alifanya asubuhi? Na mkono huo wa kulia?"

Na hapo nikaiona chapati. Nikasema alimfinya Saumu.

"Alimfinya na mkono gani?"

Nikafumba macho, nikaketi tena kwenye meza ile ya mapera. Saumu yuko kulia kwake. Mimi niko kushoto. Kwa mkono wa kulia, nikasema, na akakata chapati kwa mikono yote miwili, na akacheka, kinywa kimekaa sawa, ushungi alikuwa ameushusha ili ale. Kisha tukainuka. Kisha Hamza akamtukania uzito na hakujibu. Nekesa akauliza Hamza ni nani, na yuko wapi, nampataje. Nikampa namba ya Kassim, akapiga. Walikuwa kwenye foleni ya mizigo. Akaiweka simu sauti itoke nje, daktari akasogea, na mimi nikasema Hamza, mwambie dada huyu ulimtukana nini Bi Riziki leo na ilikuwa saa ngapi. Mtu mzima yule akaanza kulia kwa kwikwi ndani ya simu, akarudia matusi yake yote moja baada ya jingine, sanduku, magoti, mume wa pili, na huku anaomba radhi katikati ya kila moja. Nekesa anayafasiri kwa Kiingereza, daktari anasikiliza kama anasomewa hukumu. Saumu akachukua simu. Akasema alama ya kufinywa bado anayo mkononi, na anajua wakati, kwa sababu alimpiga picha mwalimu wake akiwa na nusu ya chapati, na picha ina saa yake. Akaituma. Bi Riziki anacheka kwenye picha hiyo, ushungi chini, mkono wa kulia umeinua chapati kama bendera.

Daktari akaitazama picha, akaitazama saa ya ukutani. Akasema neno moja na watu wakaanza kukimbia.

Kusubiri sitakueleza. Aliyesubiri anajua, asiyesubiri Mungu amwepushe. Nekesa zamu yake iliisha na hakuondoka, aliniletea ndala za hospitali na chai, na akaniambia mama yake naye ni mwimbaji kanisani, naye akishikwa na mafua nyumba nzima hupewa amri ya kunyamaza. Hilo lilinichekesha kidogo. Usiku Kassim alipiga simu kutoka Maskati akauliza kabla hata ya salamu. Nikamwambia yu hai.

Alikuwa hai, na mkono ulirudi taratibu mpaka akaweza kushika kijiko. Maneno hayakurudi. Siku zikapita pale wodini, alinitazama machoni akataka kuniita, na kinachotoka ni "hii, hii, hii" tu. Jina langu hakulipata. Kila akilitafuta akalikosa alipiga godoro kwa ngumi na machozi yanamtoka, na mimi nikageukia dirisha nisione. Niliogopa kuliko siku ile ya kwanza. Siku ile niliogopa atakufa. Sasa niliogopa kwamba ataishi hivi, yeye ambaye maneno yalikuwa ndiyo nyumba yake.

Ndipo siku moja Nekesa akaja na kusema anayefundisha wagonjwa kusema ameshauri wamwimbie. Ati kuna watu kuongea kumewakimbia lakini kuimba kumebaki, viwili hivyo vimehifadhiwa mahali tofauti kichwani. Akasema wewe si mwimbaji, mwimbie. Nikamwambia mimi siimbi, mimi naitikia. Akasema basi leo anzisha.

Kuna wimbo wetu wa zamani tuliozoea kufungulia shughuli. Mwimbaji anabisha hodi, waitikiaji wanamjibu kutoka ndani. Umri wangu wote nilikuwa ndani. Nikajikohoza. Wodi ile ilikuwa na Mnepali mmoja mgonjwa na bibi wa Kiarabu aliyekuja kumwangalia dada yake, na aibu ilinijaa mpaka masikioni. Sauti ikatoka nyembamba, inatikisika kama ya mtu anayekaribia kuanguka:

*Hodi nabisha mlango, wenye nyumba muko wapi?*

Bi Riziki akaacha kupiga godoro. Akanitazama. Kinywa chake kikatafuta, kikapinda, na kutoka humo, kwa maneno kamili, bila kukwama hata mara moja, kwa sauti ile ile ya Umm Salal:

*Tupo ndani twakungoja, mbona umekawia?*

Bibi wa Kiarabu akapiga kigelegele. Nekesa akaegemea ukuta, mkono mdomoni. Mimi nikaanzisha tena, maana niliogopa ni bahati, na Riziki akaitikia tena, na tena, mpaka wakatukataza kwa ajili ya yule Mnepali.

Tulirudi Tanga sote wawili. Kuzungumza hakukurudi kamwe zaidi ya neno moja moja. Lakini kila asubuhi, tangu hapo mpaka mwezi uliopita, nilipofika nyumbani kwake sikubisha kama watu wengine. Nilisimama kibarazani nikaimba mstari wangu, mimi mwanzilishi, na yeye kutoka ndani akaimba wake, na hapo ndipo nilipojua amelalaje. Sauti ikiwa imara, amelala vizuri. Ikiburuzika, nilikwenda kuchemsha tangawizi. Asubuhi ile ya mwezi uliopita niliimba mara moja nikangoja. Nikaimba mara ya pili, na hofu ile ya Al Thumama ikanirudia, ndege zote zikapita tena. Sikuimba mara ya tatu. Nilisukuma mlango.

Basi, hayo ndiyo ninayoyakumbuka. Kama Hamza anasema matusi yalikuwa manne na si matatu, kama Rajabu anadai hakulala, kama Suleimani ataisoma akaona nimempa honi isiyo yake, au wewe Nekesa ukaona nimekuharibia lugha, msinong'one pembeni. Njooni mnisahihishe, na msije kimya. Mkifika kibarazani mwenye sauti aimbe ile hodi. Mimi nipo ndani.